Sarafu ya 1780 Ambayo Haikupigwa 1780

Cucu yangu huweka vitu vya maana kwenye mkebe wa Kimbo. Kitambulisho cha zamani, risiti za shamba, picha moja ya harusi iliyoliwa na mende pembeni, na chini kabisa, imefungwa kwa kitambaa, sarafu moja kubwa ya fedha. Ni kubwa kweli. Ukiiweka kando ya shilingi ishirini yetu ya ndovu, hiyo ishirini inakaa kama mtoto wake. Upande mmoja kuna mama mnene amejitanda ushungi. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili, na maandishi yakimzunguka, na mwisho wa hayo maandishi kuna mwaka: 1780.

Hiyo sarafu ilikuja nyumbani na baba yake cucu. Alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Mwingereza, wakaenda Ethiopia 1941 kumtoa Mwitaliano. Wenzake walirudi na makovu, yeye akarudi na kovu pia, na riale moja. Cucu anasema aliipata kwa kubadilishana blanketi. Mjomba anasema ilikuwa sigara. Hiyo kesi haijawahi kuisha.

Sasa, mwaka huu binamu yangu alipata nafasi ya chuo na karo haikuwa imetimia. Tukakaa pale kwa cucu, Makongeni, mjomba akachukua simu akapiga hesabu: tangu 1780 ni miaka zaidi ya 240, fedha halisi, malkia wa Ulaya. Akatuambia hii ni mamilioni. Mimi ndiye nilitumwa Nairobi kwa sababu kwetu ukishaonekana unaongea na simu umewasha kamera, unachukuliwa kuwa mtaalamu wa kila kitu. Nikapanda matatu na sarafu ndani ya soksi ndani ya begi.

Yule mnunuzi aliiangalia sekunde nne. "Hii ni feki. Inapigwa mpaka leo. Nitakupea elfu moja mia tano."

Nilirudi nayo. Kusema ukweli safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Lakini kuna kitu kilinikataa kichwani. Kama ni feki, mbona nzito hivi? Jirani yetu anaoka keki za kuuza na ana mizani ndogo ya jikoni, nikaazima. Gramu 28. Nikaanza kusoma usiku huo huo na sijaacha tangu hiyo siku, na ndiyo maana leo siwaletei habari za siasa za Thika. Nataka kuongea juu ya swali ambalo wakusanyaji wa sarafu wanapigania kila siku, halafu sisi tunalikuta kwenye mkebe wa Kimbo: kiwanda cha sarafu kikishapiga sarafu fulani, miaka ikapita, watu wakaipenda, je, kina haki ya kurudi kuipiga tena na mwaka ule ule?

Huyo mama anaitwa Maria Theresa. Alitawala Austria na nchi zilizoizunguka kwa miaka 40, kuanzia 1740, akafariki tarehe 29 Novemba 1780. Thaler yake ya fedha ilikuwa ishapendwa sana na wafanyabiashara wa upande wa Uturuki, Misri na Bahari ya Shamu, na hao wafanyabiashara hawakutaka kusikia habari za mfalme mpya. Kwa hiyo viwanda vya Austria vikaendelea kupiga sarafu ya marehemu, sura ile ile, mwaka ule ule wa kifo chake. Hata zile herufi ndogo S.F. zilizo chini ya kifua chake ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby. Wale watu walikufa zamani sana lakini bado wanatia sahihi sarafu mpya mpaka leo. Uzito ni gramu 28 na nukta kidogo, na fedha safi ndani yake ni gramu 23 na kitu. Ukingoni kuna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Niliyapata kwenye ile ya cucu kwa kuizungusha chini ya taa ya simu, mengine yamefutika.

Huku kwetu pwani ikaitwa riale. Kamusi za zamani za Kiswahili zina riale za aina mbili tatu: riale ya mzinga, ambayo ilikuwa ya Kihispania yenye nguzo mbili, na watu wa pwani walipoziona zile nguzo wakaona mizinga, na riale ya Sham, ambayo ndiyo hii ya mama mwenye ushungi. Pesa ya Austria, jina la Sham. Zanzibar ya Seyyid Said hesabu kubwa zilipigwa kwa riale: karafuu, pembe za ndovu, na tusijifanye hatujui, watu pia. Mwaka 1861 Waingereza walipoamua ugomvi wa wana wa Seyyid Said na kuitenga Zanzibar na Muscat, wa Zanzibar aliambiwa amlipe ndugu yake riale 40,000 kila mwaka. Bara kwetu hazikufika sana. Misafara ilikuja na shanga, nyaya na amerikani, na mtu wa huku angeuliza riale utaifanyia nini, huwezi kuivaa. Ingawa kusema kweli hata hiyo si sahihi kabisa, kwa sababu masonara kuanzia Oman mpaka Ethiopia waliziyeyusha mamia kwa mamia kufanya bangili na mikufu. Riale ilikuwa pesa, akiba, na malighafi, vyote kwa pamoja.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ilinifanya nibadilishe mawazo yangu mara ya kwanza.

Nilianza nikiwa na hasira na Vienna. Nilikuwa nasema hawa watu wametudanganya, wameandika 1780 kwenye kitu cha juzi. Lakini angalia nani hasa alikuwa anakataa mwaka mpya. Watawala wetu wenyewe walijaribu kuleta sarafu zao na wananchi wakakataa. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga riale yake ya fedha mwaka 1882, maandishi mazuri ya Kiarabu, haikuiondoa ile ya mama. Menelik wa Ethiopia naye akapigiwa birr zake kule Paris kuanzia miaka ya 1890, zina uso wake na simba wa Yuda, mfalme aliyewapiga Waitaliano Adwa! Na bado sokoni watu walitaka Maria Theresa. Waitaliano walipokuwa Eritrea wakajaribu ujanja zaidi: mwaka 1918 wakapiga sarafu yenye mwanamke anayefanana na Maria Theresa, karibu saizi ile ile, wakifikiri watu hawataona. Waliona siku ya kwanza. Mama muuza kahawa wa Ethiopia alikuwa anakagua lulu za taji na bizimu kwenye bega la malkia kabla hajaachilia gunia lake. Ikiwa imelika sana mpaka lulu hazionekani, inashuka bei au inarudishwa.

Kwa hiyo Vienna haikuwa inamdanganya yule mama wa kahawa. Yeye ndiye alikuwa ameweka masharti. Alikuwa anasema: niletee ile ile, uzito ule ule, sura ile ile, hayo mengine ya nani amekaa kiti gani Ulaya hayanihusu. Kwake 1780 haikuwa tarehe. Ilikuwa kama ile nembo ya kwenye mkebe wa cucu. Hakuna mtu anaangalia mkebe wa mafuta akasema huo mchoro ni wa zamani kwa hiyo mafuta nayo ni ya zamani.

Nadhani hapo ndipo wengi wanaotetea kupiga upya husimama, na wana haki. Sarafu ya madini, ile unanunua kwa sababu ya fedha au dhahabu iliyo ndani, kazi yake ni kuaminika. Na imani ya watu haihami kirahisi. Mexico ilifanya hivyo na peso 50 za dhahabu zenye mwaka 1947, ikaendelea kuzipiga miaka mingi baada ya huo mwaka. Austria yenyewe inapiga dukati za dhahabu zenye mwaka 1915 mpaka sasa. Ufaransa katika miaka ya 1950 ilipiga faranga 20 zake za jogoo kwa miaka ya kabla ya vita vya kwanza. Na Uingereza, kati ya 1949 na 1952, ikapiga zile pauni za dhahabu zinazoitwa sovereign zikiwa na mwaka 1925 na kichwa cha George wa Tano, mfalme aliyekuwa amezikwa tangu 1936. Hakuna aliyeenda jela.

Lakini turudi kwa huyo dereva wa lori, kwa sababu hapo ndipo mambo yanachafuka.

Mwaka 1935 Mussolini anajiandaa kuivamia Ethiopia. Anajua akiingia kule na lira za karatasi hakuna atakayemuuzia hata yai. Anahitaji riale. Mwezi Julai mwaka huo Austria inakubali kuipa Roma vyuma vya chapa na haki ya kupiga Maria Theresa kwa miaka 25. Mwezi Oktoba majeshi yake yanavuka mpaka. Roma ilipiga mamilioni ya hizo riale, na zikatumika kununua chakula, kukodi nyumbu, na kuwanunua machifu waliokuwa tayari kununuliwa. Kila moja ilikuwa na mwaka 1780 na maneno ya haki na huruma ukingoni. Sitaongeza neno hapo.

Wafanyabiashara wa Aden na London waliokuwa wamezoea kuagiza Vienna wakajikuta mlango umefungwa. Wakalia kwa serikali yao. Mwingereza akaangalia sheria akasema: hii sarafu si pesa halali ya Austria tena, Austria yenyewe iliiondoa kwenye mzunguko wa nyumbani tangu miaka ya 1850, kwa hiyo mtu akiipiga hajaghushi pesa ya nchi yoyote. Mwaka 1936 kiwanda cha kifalme cha London kikaanza kupiga. Paris nayo ikapiga. Brussels ikapiga. Baadaye Birmingham ikapiga. Na vita vilipofika, kiwanda cha Bombay kikapiga kwa mamilioni, kuanzia 1940 mpaka 1942, kwa sababu sasa Mwingereza naye alitaka kuingia Ethiopia, na naye alijua karatasi haitamsaidia.

Januari 1941 Haile Selassie alivuka mpaka kutoka Sudan kurudi kwake, na kikosi kidogo cha Wingate kikaenda naye na ngamia waliobeba silaha na masanduku ya riale, za kuwalipa wapiganaji wa Gojjam. Kutoka upande wa huku Kenya, jeshi la Cunningham lilipita Somalia likaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na kwenye hiyo misafara ya malori ndimo alimokuwa mzee wetu, akimeza vumbi. Haile Selassie aliingia mjini tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitaliano wauteke.

Sasa nieleze: ile riale kwenye mkebe wa Kimbo ni ipi?

Inaweza kuwa ya Roma, iliyopigwa kumlipa mtu wa kuiteka Ethiopia. Inaweza kuwa ya Bombay, iliyopigwa kumlipa mtu wa kuikomboa. Inaweza kuwa ya Vienna ya karne ya 19 iliyozunguka masoko miaka 80 kabla ya kubadilishwa na blanketi (au sigara). Zote zimeandikwa 1780. Kuna watu wamejitolea maisha yao kuzitofautisha, wanahesabu manyoya ya mkia wa tai, wanapima bizimu, wanaangalia mapambo ya ukingoni kwa kioo cha kukuza. Wanaweza mara nyingi. Lakini hiyo ni kazi ya kipelelezi ambayo haikupaswa kuwepo. Alama moja ndogo ingetosha, nukta tu mahali fulani, na mimi leo ningejua mzee alirudi na pesa ya nani.

Hapo ndipo nilibadilisha mawazo mara ya pili, na hapo ndipo nimebaki. Malalamiko ya wakusanyaji kawaida ni ya bei. Mtu alinunua sarafu adimu, kiwanda kikapiga nyingine elfu kumi, bei ikaanguka, anapiga kelele. Mimi hiyo kelele hainigusi sana. Ukinunua kitu ukitegemea kwamba wengine hawatakipata, hiyo ni kamari yako, na hakuna aliyekuahidi. Kinachonigusa ni kwamba sarafu ni shahidi. Mahali kama kwetu, ambapo karatasi ziliungua au hazikuandikwa kabisa, ambapo jina la dereva wa lori halipo kwenye kitabu chochote cha hiyo vita, kitu cha chuma kinachosema "nilitengenezwa hapa, mwaka huu" ni karibu ushahidi wote tulio nao. Kiwanda kikiweka mwaka wa uongo kimemfundisha shahidi kusema uongo. Na hakikumdanganya tajiri wa mnada, ambaye ana kioo cha kukuza na vitabu. Kilimdanganya cucu.

Najua jibu la hili. Utaniambia: wangeweka alama, yule mama wa kahawa angeikataa, umesema mwenyewe. Ni kweli. Ndiyo maana siwezi kuilaumu Vienna ya 1790 au 1860 kwa moyo wote. Riale ilipokuwa pesa ya kweli, mikononi mwa watu, mwaka wa uongo ulikuwa bei ya kuaminika, na watu waliulipa wakijua. Menelik alijaribu ukweli ukamgharimu. Lakini hiyo hoja inakufa siku sarafu inapoacha kuwa pesa. Ethiopia ilileta dola yake mwaka 1945 na riale zikaanza kukusanywa. Oman iliendelea nazo maeneo ya bara mpaka ilipopata pesa yake mwaka 1970. Baada ya hapo, mama wa kahawa ameondoka sokoni. Anayenunua sasa ni mtu wa akiba na mtu wa kumbukumbu, na wote wawili wanaweza kuvumilia nukta moja ndogo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Austria ilipowaomba wengine waache, ni Vienna peke yake inayopiga, na bado inaandika 1780, sura ile ile, unaweza kuagiza leo. Miaka sitini na zaidi, na hakuna tena soko la Gondar la kulinyooshea kidole.

Na usifikirie haiwezekani. Wamarekani mwaka 2021 walirudisha dola zao mbili za zamani za fedha, Morgan na Peace, zilizokuwa zimeacha kupigwa miaka mingi, wakaweka sura zile zile. Lakini mwaka ukawa 2021. Wakusanyaji walizigombania vibaya sana. Hakuna aliyesema haikuwa nzuri kwa sababu ilisema ukweli kuhusu siku yake ya kuzaliwa.

Kuna kichekesho hapa ambacho siwezi kukiacha. Ile hoja ya Mwingereza ya 1936, kwamba ukipiga sarafu ambayo si pesa halali tena hujaghushi, ilimrudia. Baada ya vita kulikuwa na mtu kule Milan aliyekuwa anapiga sovereign zake mwenyewe, dhahabu ya kutosha ndani, kazi safi. London ikataka akamatwe. Alikuwa Uswisi, na mahakama ya huko mwaka 1952 ikasema: hii sarafu haitumiki tena kama pesa kwenye maduka ya Uingereza, kwa hiyo huyu bwana hajaghushi pesa. Akabaki huru. Na wakati huo huo, kumbuka, kiwanda cha kifalme chenyewe kilikuwa kinapiga za 1925. Mwaka 1957 kikarudi kupiga sovereign zenye sura ya Elizabeth na mwaka wa kweli, na sababu moja kubwa ilikuwa kuwakatia soko hao waigaji. Kumbe ukweli nao unaweza kuwa biashara nzuri.

Hapa nyumbani swali hili litakuja tu. Kenya ilipigiwa sarafu za dhahabu mwaka 1966, za shilingi 100, 250 na 500, zenye sura ya Mzee Kenyatta. Hizo ni adimu na wakusanyaji wanazitafuta. Leo mtu akiwa Benki Kuu akasema tuzipige upya tuwauzie watalii, atagonga ukuta wa Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kinachosema noti na sarafu zetu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana Desemba 2018 tukapata twiga, kifaru, simba na ndovu. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba hiyo sheria imetunyima historia. Mimi naona kinyume. Zile za zamani, za Mzee, za Moi, ile arobaini ya Kibaki ya 2003, zimefungwa na wakati wake. Ukiona sura, unajua ni kabla. Hakuna atakayeweza kuja 2040 akapiga ya 1966 halafu mjukuu wa mtu akapanda nayo matatu mpaka Nairobi.

Jirani zetu Somalia wana hali ya ajabu zaidi. Kuna sarafu za fedha na dhahabu zenye ndovu na jina la nchi yao, zinapigwa Munich, na zinauzwa kwa wawekezaji duniani kote. Mchoro wa ndovu hubadilika kila mwaka, na hiyo ndiyo sababu watu huzifuata. Kwenye masoko ya Mogadishu hutazikuta. Sijui nifurahi au nihuzunike, lakini angalau mwaka ulio juu yake ni mwaka wake, na mtu akiokota moja baada ya miaka mia ataweza kuuliza swali zuri: kwa nini nchi iliyokuwa na shida zote hizo ilikuwa na sarafu nzuri hivi, na nani alizila?

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa cucu nikamweleza yote. Nilianza na ile habari mbaya, kwamba si ya 1780, au karibu hakika si ya 1780, kwa sababu zimepigwa mamia ya mamilioni na za mwaka wenyewe ni chache sana kati yake. Nikamweleza habari ya Roma na Bombay. Mjomba akauliza sasa ni ngapi. Nikamwambia kwa uzito wa fedha ni karibu robo tatu ya wakia, kwa hiyo yule bwana wa Nairobi alitaka kutupunja, lakini mamilioni hakuna. Binamu yangu akacheka, akasema basi nitaenda kuomba mkopo wa serikali kama watu wengine.

Cucu alikuwa kimya. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Akauliza kama ile ya Roma na ile ya Bombay zina uzito sawa. Nikasema ndiyo, sawa kabisa. Akauliza na fedha ndani ni sawa? Nikasema sawa. Akaichukua akaigeuza, akaangalia yule mama mwenye ushungi muda mrefu.

"Baba hakuwahi kusema ni ya 1780," akasema. "Nyinyi ndio mlisema."

Akaifunga kwenye kitambaa akairudisha kwenye mkebe. Mimi bado natafuta mtu mwenye kioo kizuri cha kukuza anayejua kuhesabu manyoya ya tai. Nikimpata nitamleta Makongeni, maana cucu amekataa isitoke tena kwenye hiyo nyumba.